Uuguzi au Muziki: Mwongozo wa Anayeanzia Gakoromone

Karo ya chuo katika nyumba nyingi za Meru hutoka sokoni. Magunia ya viazi, mikungu ya ndizi, fungu la mitumba lililouzwa katika soko la Gakoromone kabla jua halijawa kali: hizo ndizo pesa zinazosubiri matokeo ya KCSE. Ndiyo maana suala la kozi halimhusu mwanafunzi peke yake. Mama anataka uuguzi. Kijana aliyeongoza kwaya ya shule anataka muziki. Wote wana hoja, na mara nyingi wote wanabishana bila kujua milango ya kozi hizo imekaaje.

Niseme msimamo wangu mapema. Tofauti kubwa kati ya kozi hizi si mshahara, ni karatasi. Muuguzi asiye na leseni haruhusiwi kufanya kazi, hata awe stadi namna gani. Mwanamuziki asiye na cheti anaweza kujaza ukumbi. Kwa hiyo chuo cha uuguzi kiulize habari za karatasi, na chuo cha muziki kiulize habari za mwalimu na chombo. Wengi hufanya kinyume: wanauliza chuo cha uuguzi kama mabweni ni mazuri, na chuo cha muziki kama cheti kinatambuliwa.

Uuguzi uko jirani

Anayeishi karibu na Gakoromone ana bahati ambayo wenzake wa kaunti nyingine hawana. Chuo cha mafunzo ya tiba cha serikali, KMTC, kina kampasi hapa Meru. Kaaga, nje kidogo ya mji, kuna Chuo Kikuu cha Kimethodisti, KeMU. Ukifuata barabara ya Maua unafika Nchiru, kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Ukielekea kusini, Nkubu kuna hospitali ya Consolata na shule yake ya uuguzi. Mbele zaidi, katika kaunti ya Tharaka-Nithi, kuna hospitali ya Chogoria na Chuo Kikuu cha Chuka. Embu kuna kampasi ya KMTC na Chuo Kikuu cha Embu. Upande wa Nyambene kuna hospitali ya Wamethodisti ya Maua, nayo ina chuo cha wauguzi.

Usividharau vyuo hivyo vya hospitali za misheni. Dkt. Clive Irvine wa Kanisa la Scotland alifika Chogoria mwaka 1922, na hospitali iliyoanzia hapo imekuwa ikifundisha wauguzi tangu zamani. Katika vyuo vya aina hii mwanafunzi hulala hatua chache kutoka wadini, na matroni humjua kwa jina. Wengine huona hilo ni kifungo. Mimi naona ndiyo njia ya haraka zaidi ya kujua kama kazi hii inakufaa.

Sasa alama. Kwa diploma, ile iitwayo KRCHN, inayochukua takriban miaka mitatu, unahitaji wastani wa C katika KCSE, C katika Kiingereza au Kiswahili, C katika Biolojia, na angalau C- katika somo moja kati ya Kemia, Fizikia na Hisabati. Kwa digrii ya miaka minne ni wastani wa C+, pamoja na C+ katika Kiingereza au Kiswahili, Biolojia, Kemia, na Hisabati au Fizikia. Hapo ndipo wazazi wengi hukwama. Mtoto analeta B ya jumla, nyumba nzima inashangilia, kisha inagunduliwa kwamba Kemia ni D+. Somo moja lililoanguka halikombolewi na wastani mzuri. Soma karatasi ya matokeo mstari kwa mstari kabla ya kuita majirani.

Jambo la pili: alama ya chini inayotajwa si alama ya kuingilia. Kwa digrii ya uuguzi katika vyuo vya umma, ushindani huipandisha juu sana ya C+. Tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, huonyesha alama za mwisho zilizoingia mwaka uliopita kwa kila chuo. Zitazame hizo, usitazame masharti tu. Maombi ya KMTC nayo siku hizi hupitia KUCCPS, kwa hiyo mtu akikuambia ana nafasi ya KMTC anayoweza kukupatia kwa malipo ya pembeni, huyo ni tapeli, hata kama amevaa tai na ana muhuri.

Karatasi unayopaswa kuiona

Kabla ya kulipa popote, fungua tovuti ya Baraza la Wauguzi la Kenya utafute orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa. Usiridhike kuona jina la chuo tu. Hakikisha kampasi unayotaka kwenda, na ngazi unayotaka kusoma, vyote vimeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha diploma bila cha digrii, au kampasi moja iwe nacho na nyingine isiwe nacho. Mwenye duka la mitumba hakuuzii koti bila wewe kugeuza ndani na kutazama mshono. Chuo nacho kigeuze vivyo hivyo.

Kisha uliza maswali matatu ofisini, na usiondoke bila majibu. La kwanza: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamepewa namba zao za indeksi na Baraza? Namba hiyo ndiyo inayokufanya mwanafunzi wa uuguzi machoni pa sheria. Bila hiyo hutaketi kwa mtihani wa leseni, na unaweza kumaliza miaka yote ukiwa na nakala za madaftari tu. La pili: wanafunzi hufanyia mazoezi hospitali gani, na chuo kina mkataba nayo? La tatu: kati ya waliofanya mtihani wa Baraza mara ya mwisho, wangapi walifaulu? Ofisi inayojivunia matokeo yake itakujibu haraka. Inayoanza kukueleza uzuri wa maktaba, elewa.

Ukipata nafasi, zungumza na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mwombe akuonyeshe kile kitabu chake cha wadini. Kila kazi anayojifunza, kuanzia kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, kupima presha, kuweka mpira wa mkojo, hadi kuzalisha, ina mstari wake, na msimamizi hutia sahihi akishaona imefanywa sawasawa. Kitabu kilichojaa sahihi kinakwambia kwamba hospitali ina wagonjwa wa kutosha na wasimamizi wenye muda. Kikiwa kitupu mwanafunzi akiwa amefika mwaka wa pili, kuna tatizo, na si lazima liwe la mwanafunzi.

Hesabu ya pesa nayo ifanye mwenyewe. Karo iliyoandikwa kwenye barua si yote. Ongeza sare na viatu vya ngozi, ada za Baraza, chanjo ya homa ya ini aina ya B, nauli na kodi ya chumba wakati wa mazoezi ya vijijini, na ada ya mtihani wa mwisho. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, hukopesha wanafunzi wa KMTC na wa vyuo vikuu, na basari za kaunti na za NG-CDF zipo, lakini fomu zake zina tarehe. Mzazi anayengoja hadi soko lichangamke huwa amechelewa.

Je, unaiweza kazi yenyewe? Usiniulize mimi. Muulize aliyemuuguza bibi nyumbani. Kama ni wewe uliyekuwa ukimgeuza usiku, ukimwosha bila kumwaibisha, ukikumbuka dawa ya saa mbili, basi umeshafanya nusu ya mahojiano. Kama ulikuwa ukikimbia chumba kikianza kunuka, hilo si kosa, lakini lisikilize.

Baada ya kuhitimu

Mwenye diploma akifaulu mtihani wa Baraza husajiliwa na kupewa leseni, ambayo huhuishwa mara kwa mara. Mwenye digrii ana hatua moja zaidi: mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini. Kupangiwa kituo kumewahi kuchukua miezi mingi, na malipo yake yamezua migomo. Ukipanga bajeti ya familia, usihesabu mshahara siku ya mahafali.

Ukweli mwingine usiopendeza: upungufu wa wauguzi hospitalini haumaanishi kwamba kila muuguzi ana kazi. Tangu ugatuzi wa 2013 waajiri wakubwa ni serikali za kaunti, na kaunti huajiri bajeti ikiruhusu. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma kwa karibu miezi mitano, kuanzia Juni hadi Novemba. Wapo waliohitimu wanaofanya kazi za mikataba mifupi, wengine katika zahanati za watu binafsi kwa malipo ya chini.

Ndiyo maana wengi hutazama ng'ambo. Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kuajiri wauguzi Julai 2021, na Novemba mwaka huohuo Uingereza iliweka masharti kwamba Wakenya waajiriwe kupitia mpango wa serikali mbili hizo tu. Anayekuahidi njia yake ya mkato kwenda Uingereza anakuuzia hewa. Marekani hutaka mtihani wa NCLEX. Kokote uendako, watakutaka uwe na ujuzi wa Kiingereza na uzoefu wa wadini, kwa hiyo miaka michache ya kwanza hapa nyumbani haipotei. Hapa nchini kwenyewe pia kuna ngazi: mwenye diploma anaweza kusoma stashahada ya juu ya wagonjwa mahututi, chumba cha upasuaji au dawa ya usingizi, na walio na ujuzi huo hawakai sana mitaani.

Muziki uko mbali, ila masikio ni yako

Ukitoka Gakoromone kutafuta idara ya muziki iliyokomaa, jiandae kwa safari. Kongwe zaidi iko Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kahawa. Maseno, kule magharibi mwa nchi, ina idara inayoheshimiwa. Kabarak karibu na Nakuru, na Daystar, ni vyuo binafsi vinavyofundisha muziki hadi digrii. Nairobi pia kuna Kenya Conservatoire of Music, iliyoanza 1944, ambayo si chuo kikuu. Huko unakwenda kujifunza chombo na kuandaliwa kwa mitihani.

Inashangaza kidogo. KMTC ilianza 1927, na Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka uleule. Miaka karibu mia baadaye, moja ina makumi ya kampasi, na jingine kila mwaka hutoa washindi wanaorudi nyumbani na vikombe, kisha wengi wao hawapati pa kuendelea. Serikali iliunda tume chini ya Washington Omondi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuchunguza hali ya muziki, na kutokana na kazi yake ikazaliwa Tume ya Kudumu ya Muziki ya Rais mwaka 1988. Tume hiyo hufanya mafunzo ya vijana na wasanii. Inafaa kuulizia ratiba zake. Lakini haikuleta idara ya muziki Meru.

Kwa masharti, idara nyingi zitataka Muziki wa KCSE au, kwa aliyekosa somo hilo shuleni, mtihani wa muziki wa nje kama wa ABRSM. Huu wa ABRSM una gredi nane, hufanyika hapa Kenya, na hauulizi umri wala shule. Kuna kizuizi kimoja cha kukumbuka: kwa kawaida huwezi kufanya gredi ya 6 na kuendelea kwenye chombo kabla hujapita gredi ya 5 ya nadharia. Wengi hugundua hilo wakiwa wameshajiandaa kwa vidole na si kwa kalamu.

Na nadharia ndipo mtoto wa kwaya wa Meru hupigwa butwaa. Kanisani, iwe ni kwa Wamethodisti wa Kaaga, kwa PCEA au kwa Wakatoliki, wimbo husomwa kwa solfa: do, re, mi, na vituo vyake. Huyo kijana anaimba sauti ya nne bila kukosea, lakini chuoni atawekewa mbele nota za mistari mitano na kuambiwa asome. Anza sasa. Chukua wimbo mmoja unaoujua kwa solfa, uuandike do yake ikiwa F. Katika ufunguo wa sauti za juu, do inakaa nafasi ya kwanza kati ya mistari ukihesabu kutoka chini. Re iko kwenye mstari wa pili, mi nafasi ya pili, fa kwenye mstari wa katikati, so nafasi ya tatu. Hiyo fa ni B, na ni lazima iwe flati, la sivyo wimbo mzima utasikika umepinda. Fanya hivyo kwa wimbo mmoja kila wiki, halafu ihamishe do. Kufikia muhula wa kwanza wa chuo utakuwa umevuka ukuta unaowatoa wengi jasho.

Maswali ya kuuliza idara ni mengine kabisa. Nani atanifundisha chombo changu, na saa ngapi kwa wiki, mimi na yeye peke yetu? Vyumba vya mazoezi hufunguliwa hadi saa ngapi? Piano ngapi zinafanya kazi leo, si kwenye kabrasha? Nenda usikilize mwenyewe: simama ukumbini mchana, kama husikii mtu akirudia kipande kilekile mara kumi kwa hasira, hapo watu hawafanyi mazoezi. Uliza pia kama ngoma na ala za kwetu hufundishwa kwa mkono au kwa maandishi tu. Itakuwa ajabu kutoka nchi ya wapiga ngoma wa Chuka, wanaoibeba ngoma kati ya miguu na kucheza nayo, ukaenda kusoma ngoma kitabuni.

Kuhusu riziki, nina ushauri ambao wasanii hawaupendi. Kama bado hupati hela kutokana na muziki, soma elimu ya muziki, yaani digrii ya ualimu yenye Muziki na somo la pili, kabla ya kufikiria digrii ya muziki mtupu. Tume ya kuajiri walimu, TSC, hutaka wastani wa C+ na C+ katika masomo yote mawili utakayofundisha. Mtaala wa umilisi umeweka Sanaa Bunifu na Michezo katika shule za sekondari ya chini, na shule nyingi zinamtwika mzigo huo mwalimu asiyejua nota hata moja. Nafasi hiyo haitabaki wazi milele. Njia nyingine ni bendi za vikosi: jeshi, polisi, magereza. Maroon Commandos walikuwa wanajeshi kwanza, na bado watu wanawacheza. Tazama matangazo ya kuajiri, na ujue kwamba utakimbia kabla hujapuliza tarumbeta.

Anayetunga na kurekodi asajili kazi zake na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Mirabaha hukusanywa na mashirika yanayopewa leseni na bodi hiyo, na leseni zenyewe zimekuwa zikigombaniwa kwa miaka, kwa hiyo usijaze fomu ya shirika lolote kabla hujathibitisha kwamba mwaka huu lina kibali.

Na ukitaka vyote viwili?

Inawezekana, lakini kwa mpangilio. Uuguzi hauwezi kusomwa kwa muda wa ziada. Wadi inakutaka wewe mzima, pamoja na usiku. Muziki unaweza kusogea gredi kwa gredi pembeni. Mwenye alama za KRCHN na asiyeogopa wadi, ningemshauri asome diploma karibu na nyumbani, alipe mwalimu wa kinanda mara moja kwa wiki, na afanye mtihani mmoja wa ABRSM kila mwaka. Akimaliza atakuwa na leseni mkononi na nadharia ya gredi ya 5 kichwani, na mlango wa digrii ya muziki utakuwa bado wazi. Kinyume chake ni kigumu, kwa sababu Biolojia na Kemia husahaulika haraka kuliko wimbo.

Ila usijidanganye kuhusu Jumapili. Zamu haijui kanisa. Mwalimu wa kwaya atakayekukubali ni yule anayeweza kukaa wiki mbili bila kukuona, kisha akupe sauti ya pili kana kwamba hukuondoka.

Kwa walio bado Gredi ya 9, uamuzi huu sasa unakuja mapema zaidi. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na Muziki umewekwa katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, wakati Biolojia na Kemia ziko katika ule wa sayansi, STEM. Kabla ya kujaza chaguo, muulize mkuu wa shule mchanganyiko gani wa masomo utamwachia mtoto nafasi ya kozi za afya. Mtoto anayependa vyote viwili achague STEM na muziki aufanye nje ya darasa. Ni rahisi kupata mwalimu wa kinanda kuliko maabara.

Karatasi za mwisho

Kusanya mapema cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, karatasi ya matokeo na cheti cha kumaliza shule, na kabla ya yote linganisha majina herufi kwa herufi. Meru tuna shida yetu wenyewe: M'Mugambi kwenye cheti cha kuzaliwa, Mmugambi kwenye KCSE, Mugambi kwenye kitambulisho. Nyumbani ni mtu mmoja. Kwenye mfumo wa Baraza au wa HELB ni watu watatu, na kompyuta haina mjomba wa kuieleza. Ukiona tofauti, andikisha hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani, kisha urekebishe kitambulisho na uamue tahajia moja utakayoitumia kila mahali. Fanya hivyo kabla ya namba ya indeksi kutolewa, kwa maana jina litakaloingia hapo ndilo litakalokuja kuchapwa kwenye leseni.